Volti 12 haziui mtu, lakini zinachoma nyumba: tufunge batri za sola kwa akili



Miezi hii ya kiangazi, mahindi yakiisha kuuzwa, feza kidogo inaingia mkononi, na wengi wetu tunafika Lubumbashi kununua vyombo vya sola. Mjini kuna delestaji. Vijijini nguzo za umeme hazijafika. Basi pano mbili, batri mbili na konvertisa moja vinapakiwa juu ya lori pamoja na magunia ya mbolea, vinafika nyumbani, na jioni ile ile anapatikana mtu wa kuvifunga. Kesho yake konjelateri inagandisha samaki, simu za majirani zinachajiwa kwa feza kidogo, watoto wanasoma usiku. Ni jambo la kufurahia.

Lakini tukipita katika nyumba na depo za wanamemba, tunakuta mara nyingi kazi iliyofanywa kama mchezo. Batri kubwa imefungwa na waya mwembamba wa taa. Fizibo hakuna. Batri zenyewe zimewekwa nyuma ya mlango, karibu na magunia. Tukiuliza juu ya nini imefanywa hivi, jibu ni lile lile: "Ile ni batri tu, haiuwake muntu. Kitu ya kuogopa ni moto ya SNEL."

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kweli, ukigusa vichwa viwili vya batri ya volti 12 kwa mikono mikavu, hausikii kitu. Nusu iliyobaki ndiyo inachoma nyumba. Sisi ni watu wa mashamba, na andiko hili halichukui nafasi ya fundi wa umeme. Tunaliandika ili mwenye nyumba ajue kitu cha kumwomba fundi, na ajue kukagua kazi mbele ya kulipa.

Maji ya mfereji

Mkulima anayemwagilia bustani anaelewa umeme kuliko anavyofikiri. Volti ni kama urefu wa tangi la maji juu ya shamba: ni ile nguvu ya kusukuma. Amperi ni kama wingi wa maji yanayopita ndani ya mfereji. Waya ni mfereji wenyewe. Na wati, yaani kazi yote inayofanyika, ni volti mara amperi.

Sasa, kama tangi liko chini na bado tunataka maji mengi yafike shambani, lazima mfereji uwe mpana sana. Tukichimba mfereji mwembamba na kulazimisha maji yale yale yapite, kingo zinabomoka. Ndani ya waya hakuna kingo za kubomoka. Kuna joto.

Tupige hesabu moja pamoja. Tuchukue konvertisa ya wati 1500, ya kawaida sokoni, inayofanya kazi kwa nguvu zake zote.

Upande wa volti 220, kule inakotoka kwenda kwenye vyombo, wati 1500 ni amperi karibu 7. Waya wa kawaida wa nyumba unatosha.

Upande wa batri ya volti 12, wati 1500 ni amperi 125. Konvertisa yenyewe inapoteza sehemu, kwa hiyo tuseme amperi 140 hivi.

Ni kazi ile ile, lakini upande wa batri amperi ni mara 20. Na joto ndani ya waya halipandi sawa na amperi. Amperi zikiwa mara 2, joto ni mara 4. Zikiwa mara 20, joto ndani ya waya ule ule ni mara 400. Ndiyo sababu mtu anaona waya unaobeba friji ya jirani mwaka mzima bila shida, anaununua ule ule, anaufunga kwenye batri yake, na plastiki inaanza kunuka siku ya kwanza.

Somo la mstari wa Inga

Kuna mfano mkubwa wa jambo hili katika nchi yetu. Tangu mwaka 1982 kuna mstari wa umeme unaotoka kwenye barrage ya Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi, urefu wa kilomita karibu 1700. Ulijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Umeme unaopita ndani yake ni wa namna moja na ule wa batri zetu: unakwenda upande mmoja tu, haugeukigeuki kama ule wa nyumbani wa SNEL. Ndugu zetu wengi wanaokaa chini ya minara yake hawana hata balbu moja, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Wahandisi wa mstari ule walikuwa na tatizo kama la kwetu: kupeleka kazi nyingi bila kuyeyusha waya. Walichopandisha ni volti. Upande mmoja volti 500,000 chanya, upande wa pili volti 500,000 hasi. Mstari ulipangwa kubeba megawati 560, yaani wati milioni 560, na kwa volti zile zinatosha amperi 560 tu.

Tazameni hapo. Mstari uliojengwa kulisha migodi, amperi 560. Konvertisa ya nyumba yetu, kwenye batri ya volti 12, amperi 140. Waya mfupi ulio nyuma ya mlango unabeba robo ya amperi za mstari mzima wa Inga. Tukiujua huo ukweli, hatuufungi tena na waya wa taa.

Na jibu la wahandisi linatusaidia na sisi. Batri mbili za volti 12 zikifungwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zinatoa volti 24. Amperi 140 zinakuwa 70. Batri nne kwa mfululizo ni volti 48, na amperi zinakuwa 35. Kama konvertisa haijanunuliwa bado, na kazi inayotakiwa ni zaidi ya wati 1000, shauri letu ni moja: muache volti 12, mchukue konvertisa ya 24 au 48. Waya unakuwa mwembamba, fizibo inakuwa ndogo, joto linapungua.

Jambo moja la kuangalia: ukiwa na batri mbili za mfululizo, usichukue volti 12 katikati kwa ajili ya taa au redio. Batri moja itachoka mbele ya mwenzake, na zote mbili zitakufa.

Waya unene gani?

Waya unapimwa kwa milimita za mraba za shaba iliyo ndani, si kwa unene wa plastiki ya nje. Tuchukue konvertisa ile ya wati 1500, iliyo mita 2 kutoka kwenye batri. Umeme unakwenda mita 2 na kurudi mita 2, kwa hiyo ni mita 4 za waya.

Kwa volti 12 na waya wa 6, tunapoteza volti karibu 1.6 njiani, na waya unatoa joto la wati karibu 230. Ni kama balbu mbili za zamani za wati 100 zikiwaka ndani ya plastiki. Waya huo utaungua.

Kwa volti 12 na waya wa 50, tunapoteza volti 0.2 tu, na joto lote linashuka mpaka wati karibu 27, likitawanyika katika mita 4.

Kwa volti 24, waya wa 25 unafanya kazi hiyo hiyo vizuri.

Kwa volti 48, waya wa 16 unatosha na kubaki.

Ile volti 1.6 inayopotea ina hasara ya pili, na hasara hii tumeiona ikila feza za watu. Batri iliyojaa nusu inaweza kuwa na volti 12.2. Ikipoteza 1.6 njiani, konvertisa inaona 10.6 tu. Inalia, inazima. Mwenye nyumba anasema: "Batri imekufa, walituuzia mbaya." Anapanda tena mjini, ananunua batri nyingine, anaifunga na waya ule ule, na konvertisa inalia tena. Batri ya kwanza haikuwa na ugonjwa. Mgonjwa alikuwa waya.

Njia ya kujua ni rahisi. Konvertisa ikiwa inafanya kazi nzito, pima volti kwenye vichwa vya batri, halafu pima kwenye vichwa vya konvertisa. Tofauti ikipita nusu ya volti, tatizo liko njiani: waya ni mwembamba, ni mrefu sana, au kiungo kimelegea. Konvertisa na iwe karibu na batri, kadiri nafasi inavyoruhusu. Kama umbali ni lazima, waya mrefu uwe ule wa volti 220, usiwe ule wa batri.

Shaba ya kweli

Sisi watu wa Katanga hatupaswi kudanganywa katika habari ya shaba. Miaka ya Zaire jimbo letu lote liliitwa Shaba. Hata hivyo, sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba kidogo juu. Kwa macho zinafanana. Aluminiamu inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, inalegea kwenye viungo, na inapata kutu nyeupe inayoongeza joto.

Mbele ya kununua, omba kipande kidogo. Kikwangue kwa kisu, au tazama pale kilipokatwa. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ile ya uongo ndani ni nyeupe. Pima pia mkononi: aluminiamu ni nyepesi sana. Chagua waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kama ule wa mashine ya kusudia, kwa sababu unajipinda bila kuvunjika.

Kiungo kilicholegea

Mara nyingi moto hauanzi katikati ya waya. Unaanza mwisho wake, pale unapokutana na batri. Kuzungusha nyuzi za shaba kwenye kichwa cha batri na kukaza kwa koleo hakutoshi. Nyuzi chache ndizo zinagusa, na amperi zote zinapita pale.

Kila mwisho wa waya mnene unahitaji kosi, kile kichwa cha shaba chenye tundu. Kosi iwe ya kipimo cha waya, na ibanwe kwa mashine yake ya kubana. Ukipiga nyundo juu ya kosi, inaonekana imeshika, lakini ndani kuna nafasi. Kosi ikishabanwa vizuri, hata ukivuta kwa nguvu zako zote haitoki. Kisha ilale moja kwa moja juu ya kichwa cha batri, shaba juu ya risasi, bila rondeli katikati. Rondeli inakaa juu, chini ya nati.

Mashine nzuri ya kubana ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si kwa koperative. Inunuliwe kama tunavyofanya likelemba, ikae depo, na kila mwanamemba aiazime siku ya kazi.

Fizibo: shubiri moja kutoka batri

Batri haina mita wala haijui kujizuia. Batri ya risasi ya kawaida, ya amperi-saa 100, nyaya zake mbili zikigusana, inaweza kusukuma zaidi ya amperi 1000 kwa mara moja. Ufunguo wa chuma ukianguka juu ya vichwa viwili unajichomelea pale pale. Batri za litiamu zinaweza kupita hapo. Panya akitafuna plastiki ya waya usiku, ni nani atakata umeme? Fizibo peke yake.

Watu wengi wanafikiri fizibo inalinda konvertisa. Hapana. Inalinda waya. Kwa hiyo ina sheria tatu.

Sheria ya kwanza ni mahali. Iwe kwenye waya wa chanya, shubiri moja tu kutoka kichwa cha batri. Sehemu yote ya waya iliyo kati ya batri na fizibo haina ulinzi, kwa hiyo iwe fupi. Fizibo iliyo ndani ya konvertisa, mita 2 mbali, hailindi zile mita 2. Kama kuna batri zilizofungwa sambamba, kila moja, au kila mstari wa mfululizo, uwe na fizibo yake.

Sheria ya pili ni kipimo. Chukua amperi za kazi, ongeza robo. Amperi 140 inakuwa fizibo ya 175. Amperi 70 inakuwa karibu 90, chukua ya 100. Amperi 35 inakuwa ya 50. Lakini fizibo isipite kamwe amperi ambazo waya wenyewe unaruhusiwa kubeba. Ikipita, waya ndio utakuwa fizibo.

Sheria ya tatu ni namna. Hapa tunawaomba msome kwa uangalifu. Umeme wa SNEL unageuka upande, na kila sekunde unapita kwenye sifuri mara 100. Swichi au dijonkteri ikifunguka, cheche inakufa yenyewe pale kwenye sifuri. Umeme wa batri hauna sifuri. Cheche inaendelea kuwaka kati ya vipande viwili vya chuma, kama mashine ya kusudia. Dijonkteri ya nyumbani ikiwekwa upande wa batri au wa pano inaweza kuungua badala ya kukata. Nunua ile iliyoandikwa DC, au yenye alama ya mstari mmoja ulionyooka na vistari vitatu chini yake. Ile yenye alama ya wimbi (~) peke yake ni ya SNEL. Tazama pia volti zake: ziwe sawa au zaidi ya volti za batri ikiwa imejaa. Na kama dijonkteri ya DC imeandikwa + na –, zifuateni, kwa sababu nyingine zikifungwa kinyume hazizimi cheche.

Kwa batri za litiamu, fizibo za motokari hazitoshi. Omba fizibo ya namna ya T, iliyotengenezwa kukata amperi nyingi sana.

Tumesikia na hili: "Fizibo ilikuwa inakatika-katika, tukaitosha, tukatia ka waya." Fizibo inayokatika ni mbwa anayebweka. Mtu hamfungi mbwa mdomo. Anatoka nje kutazama nani anapita.

Litiamu na risasi

Sokoni tunakuta batri za namna mbili. Za risasi ni nzito na bei yake ni ndogo, lakini zikishushwa chini ya nusu kila siku zinakufa mapema. Zile zenye maji ndani zinaongezwa maji yaliyosafishwa, si ya kisima, na haziongezwi asidi. Zikichajiwa zinatoa hidrojeni. Hewa ikiwa na hidrojeni asilimia 4 tu, cheche moja inatosha kulipua.

Za litiamu zinazouzwa kwa ajili ya sola mara nyingi ni za chuma na fosfati. Hizo hazina kobalti yetu ndani. Kobalti inaingia katika litiamu za namna nyingine, za simu na za baadhi ya motokari. Za chuma na fosfati zinavumilia joto zaidi, na ni nzuri. Ndani zina kifaa cha kujilinda, lakini kifaa hicho hakiondoi haja ya fizibo. Someni pia karatasi yake: batri nyingi za amperi-saa 100 zinaruhusu kutoa amperi 100 tu. Konvertisa ya wati 1500 kwa volti 12 inataka 140. Batri moja haitoshi hapo, hata kama ni mpya. Na konjelateri, wakati wa kuanza, inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa juu yake.

Namna yoyote mnayochukua, msichanganye ya zamani na mpya, wala ndogo na kubwa, wala risasi na litiamu. Batri mbili zikifungwa sambamba, nyaya za kuziunganisha ziwe za urefu mmoja, na waya wa chanya uondoke kwenye batri ya kwanza, wa hasi kwenye ya mwisho. Hivyo zote zinafanya kazi sawa. Mkitoa nyaya zote mbili kwenye batri moja, hiyo ndiyo itabeba mzigo wa wenzake.

Mahali pa kuweka

Batri haikai chumbani kwa kulala. Haikai karibu na mbabula, wala na bido la petroli, wala na mbolea na magunia ya mahindi. Mbolea zenye nitrati zinaupa moto nguvu, na gunia la mahindi ni chakula cha moto na cha panya. Katika depo ya koperative, moto wa batri moja unaweza kula mavuno ya kijiji kizima.

Ijengewe sanduku au chumba kidogo chenye sakafu ya simenti, mbali na jua, mlango unaofungwa ili watoto wasifike. Tundu moja la hewa liwe chini, lingine juu kabisa, kwa sababu hidrojeni inapanda. Matundu yazibwe kwa wavu wa panya. Konvertisa isiwekwe juu ya batri za maji, ikae pembeni. Na juu ya batri pasiwekwe kitu chochote cha chuma, hata kijiko.

Siku ya kazi

Fundi avue pete, saa na mnyororo. Mshiko wa ufunguo uzungushiwe skochi, ibaki ncha tu. Kichwa cha batri ambacho hakifanyiwi kazi kifunikwe. Nyaya za chanya ziwe nyekundu, za hasi nyeusi. Kama rangi ni moja, ziwekwe skochi mbele ya kufunga, si baadaye.

Utaratibu wa kufunga: batri kwenye regulata kwanza, halafu pano, mwisho vyombo. Wakati wa kufungua ni kinyume: vyombo, pano, halafu batri. Fizibo zinawekwa za mwisho kabisa, baada ya kupima kwa mita kama + na – ziko mahali pake. Konvertisa kubwa inatoa cheche mara ya kwanza inapofungwa. Fundi anayejua kazi anaijaza kwanza polepole kupitia resistansi. Na pano zikiwa juani zina umeme, hata kama hazijafungwa popote. Zifunikwe kwa blanketi wakati wa kazi.

Kazi ikiisha, washeni mzigo mkubwa kwa nusu saa. Kisha gusa plastiki ya waya karibu na kila kosi kwa mgongo wa mkono. Joto kidogo si kitu. Kama mkono unajiondoa wenyewe, zima, na fundi aanze upya kiungo hicho.

Ikitokea shida

Moshi ukitoka, watu watoke kwanza. Kama swichi ya batri inafikika bila kuingia kwenye moshi, izimwe. Msimwage maji juu ya nyaya zenye umeme. Tumieni mchanga mkavu au kizima-moto cha unga. Moshi wa batri ya litiamu ni sumu, kwa hiyo msikae ndani kuokoa vitu. Asidi ikimrukia mtu jichoni au kwenye ngozi, aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe kwenye kituo cha afya.

Mbele ya kulipa fundi

Tazameni mambo haya sita. Waya wa batri ni wa shaba, na unene wake unafaa amperi. Kila mwisho una kosi iliyobanwa. Fizibo iko shubiri moja kutoka batri, na imeandikwa DC. Nyaya za kuunganisha batri zina urefu mmoja. Chumba kina tundu la hewa juu na chini, na magunia yako mbali. Baada ya nusu saa ya kazi nzito, hakuna kiungo kinachochoma mkono.

Kama moja linakosekana, kazi haijaisha. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona mwenye nyumba anayejua anachonunua.

Bei ya fizibo moja, kosi nne na mita 4 za waya mnene inaonekana kubwa siku ya sokoni, kwa sababu vitu hivyo haviwashi taa wala havigandishi samaki. Lakini batri moja iliyokufa mapema inakula feza zaidi, na depo iliyoungua hairudi. Kwa hiyo katika bajeti ya sola, andikeni kwanza waya na fizibo, halafu batri, halafu pano.

Kwa mkutano wa mwezi ujao tunaomba kila koperative ichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wapite katika nyumba zenye sola wakiwa na mita ya kupimia na karatasi. Waandike kitu kimoja tu: nyumba ngapi zina fizibo karibu na batri, na ngapi hazina. Mkituletea hesabu hiyo, tutajua pamoja fizibo ngapi na kosi ngapi za kununua kwa jumla, mbele ya mvua za Novemba.